Upande wa Mawe

Stesheni ya gari la moshi ina mbele na nyuma. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na walioniambia ni watu ambao hawajapata kusimama nyuma hata kwa bahati mbaya. Walikuja nyumbani kwangu Ganjoni, hapa Mombasa, wakanywa chai yangu, wakala mahamri yangu, kisha wakaizunguka meza yenye stesheni niliyoijenga kwa mikono yangu na kuniuliza, kwa ule upole wa kumsemesha mgonjwa, kwa nini nimeijenga kinyumenyume.

Sikuijenga kinyumenyume. Ninalisema mapema, ili atakayechoka kusoma njiani awe ameondoka na hilo.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Daktari humjaza mtu mdomo ule ujiuji unaoganda, hunitumia alama ya ufizi wake, nami huketi na plasta, nta na vijisu vyangu mpaka yapatikane meno ambayo mwenyewe atacheka nayo mbele ya wakwe bila kufunika mdomo. Kosa dogo kuliko punje ya mchele humtia mtu kidonda. Kazi ya namna hii humharibu mtu tabia. Huwezi tena kutazama kitu kilichokosewa ukanyamaza, na watu wa nyumbani kwako hukuona mkorofi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata chapati mimi huipima. Ni kweli niliipima, kwa sababu chapati zake yeye zilikuwa na pembe.

Aliyenitia katika mambo ya reli ni mzee mmoja aliyehitaji meno ya juu. Ni mfanyabiashara, mmoja wa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi ambao maduka yao yamo mjini tangu enzi za babu zao. Yeye huuza sindano, vifungo na vyuma vya cherehani. Kwa kawaida mgonjwa haji kwangu, huishia kwa daktari, lakini ufizi wake ulikuwa na matata na ikabidi aletwe nimwone mwenyewe. Tulipokuwa tukingoja plasta igande akanieleza kwamba hakuzaliwa kisiwani. Alizaliwa bara, kwenye stesheni ndogo ya nyikani ambako baba yake alikuwa stesheni masta. Akaitaja. Nikaweka kisu chini, maana stesheni ile ndiyo ya kwetu. Mama yangu aliuza mayai ya kuchemsha na korosho pale tangu usichana wake mpaka magari ya abiria yalipoacha kusimama. Milima haikutani, binadamu hukutana.

Siku ile tulifurahi kama watoto wa nyumba moja. Akaniambia ana gari la moshi dogo aliloletewa na nduguye kutoka ng'ambo, injini na mabehewa na reli zake, vyote vimo ndani ya boksi juu ya kabati na havijapata kuwa na mahali pa kwenda. Jumuiya moja ya wakazi wa Mji wa Kale ilikuwa ikitayarisha maonyesho ya kazi za mikono, naye alikuwa katika kamati.

"Wewe mikono, mimi gari," akasema. "Tuijenge stesheni yetu, mwanangu."

Stesheni yetu. Nililipenda neno lile, nikaenda nalo nyumbani.

Stesheni yenyewe siku hizi ni gofu. Mabati yameng'olewa, mbuzi hulala ofisini, na reli mpya hupita mbali juu ya nguzo za zege bila hata kuitupia jicho. Nilikwenda na futi nikapima kuta zilizobaki, milango, kimo cha platfomu, miguu ya tangi la maji. Nikachota udongo wetu mwekundu nikauleta Mombasa ndani ya kopo la maziwa. Kisha nikaanza kupunguza kila kitu mpaka mtu mzima akawa na kimo cha pingili ya kidole. Kuta nilizimimina kwa plasta ile ile ya ufizi na kuzichora tofali kwa kijisu. Mabati niliyapata kwa kuiminya karatasi ya bati juu ya meno ya kitana, kisha nikaitia kutu kwa rangi ya chai. Udongo niliuchekecha kwa kichujio, vichaka vya miiba nikavitoa katika nyuzi za makumbi, na kengele ya stesheni, ambayo haikuwa kengele bali kipande cha reli kilichotundikwa, nikaitengeneza kwa waya wa kushikia meno.

Jirani zangu waliniona mwanamke aliyefiwa na mume na akili. Mmoja aliniuliza kama ninamtengenezea mjukuu. Nilimjibu kwamba mjukuu wangu hana subira ya kuchezea kitu kama hiki, na wala yeye jirani hana, kwa hiyo akae mbali na meza.

Kila nilipokwama nilimpigia mama simu. Mama yuko kwetu, mzee sana sasa, lakini kumbukumbu yake haijapata kutu. Niliyajua majengo kwa kuyapima, watu sikuwajua. Nilikuwa mdogo mno, na mama hakupenda kunichukua kazini kwake. Jioni moja nikamwuliza walikuwa wakisimama wapi, karibu na tangi au karibu na jengo.

"Jengo lipi?" akasema.

"Jengo la stesheni, mama."

"Jengo twaliona mapaa tu. Sisi twasimama upande wa mawe."

Nikamwambia anieleze, akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Platfomu ilikuwa ya abiria na ya wakubwa. Mchuuzi hakuruhusiwa kuikanyaga. Kwa hiyo kina mama walingojea vichakani, ng'ambo ya reli, na gari likishasimama walitoka wakapanda tuta la kokoto upande usio na platfomu. Wasafiri wa daraja la tatu walijua, wakafungua madirisha ya huko. Mawe yalikuwa yameshika jua tangu asubuhi. Yalikuwa yakiteleza chini ya nyayo pia, na dirisha lilikuwa juu mno, maana huna platfomu ya kukuinua. Basi walinyanyua teo, zile nyungo zao za bidhaa, kwa mikono miwili juu ya vichwa, na msafiri akashusha mkono akachukua. Hawakuona nini kimechukuliwa.

"Twasikia uzito wapungua," mama akasema. "Hapo wajua umeuza."

Maisha yangu yote nilikuwa nimesema "mama yangu aliuza stesheni", na mama yangu hakuwahi hata kuikanyaga stesheni. Nilipandwa na hasira kiasi kwamba sikuweza kushika kijisu, na nilikuwa na meno ya mtu ya kumaliza.

Siku ya pili niliigeuza meza. Sikubomoa kitu, nilibadilisha tu mtazamaji atasimama wapi. Stesheni za kuchezea zote nilizozipata kuziona katika picha zina platfomu mbele, gari nyuma yake, kisha ukuta uliochorwa milima. Yangu ikawa na mawe mbele. Unapokuja mezani unakutana kwanza na kina mama, wamesimama juu ya kokoto, mikono juu. Halafu gari. Halafu, ng'ambo ya gari, platfomu na stesheni masta wake na jengo lake na kengele yake, kila kimoja mahali pake, hakuna nilichokipunguza. Kokoto nilizipata kwa kuponda plasta mbovu na kuitia majivu, nikazigandisha kwa gundi iliyodondoshwa na sindano ya kliniki. Kina mama niliwachonga kwa nta kisha nikawatia ile akriliki, plastiki ngumu ya ufizi bandia, na kuwapaka rangi. Hando zao, yale marinda ya kina mama wa kwetu yanayojaa kiunoni, nilizikunja kwa kitambaa cha bendeji, rinda baada ya rinda, kwa ncha ya sindano. Aliyesimama mbele kabisa, wa kwanza kuonekana, alikuwa mama yangu.

Nilimwambia atakuja kuona. Nilitaka, mara moja katika maisha yake, aingie chumba chenye watu wa heshima ajikute yuko mbele. Sikutaka zaidi ya hilo, na sioni kama lilikuwa kubwa.

Mzee akaja na boksi lake. Tukaziweka reli, tukaunga waya, gari likaenda likarudi. Alipiga makofi kama mtoto. Kisha akasogea nyuma, akatazama, na nikaona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mashaallah," akasema. "Lakini mwanangu, mbona watu umewapa mgongo?"

"Nimempa nani mgongo, mzee wangu?"

"Wenye kutazama. Uso wa stesheni uko kule. Huku ni nyuma. Huku hakukuwa na kitu."

"Na hawa?"

Akainama akawatazama kina mama kwa miwani, kisha bila miwani.

"Hawa walikuwa platfomu, na vikapu vyao, wamejipanga vizuri. Nawakumbuka. Baba hakuwa mtu wa kumkataza masikini riziki yake."

"Mama yangu hakupata kuikanyaga platfomu ile."

"Pengine mama amesahau. Utu uzima, mwanangu."

Maneno yale yalipita katikati ya meno niliyoyachonga mimi mwenyewe. Nikamwambia mama yuko hai, simu hii hapa, nimpigie amwulize. Akasema la, la, usimsumbue mtu mzima. Wako hodari sana watu wa kutosumbua wazee pale mzee anapokuwa na la kusema. Nikamwuliza yeye alikuwa akisimama wapi gari likifika, akajibu kwa fahari kwamba baba yake alimruhusu kukaa mlangoni mwa ofisi, kivulini. Basi, nikamwambia, wewe umeliona gari ubavu mmoja. Akarudi kuzikagua reli zake, nikadhani yamekwisha. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini sikutarajia mtu abishane na maiti.

Siku ya kuipeleka tulipata taabu, tuktuk zote zilikataa, tukaifunga kwa mablanketi juu ya mkokoteni na mimi nikatembea kando yake kutoka Ganjoni mpaka Mji wa Kale nikimgombeza msukumaji kila kwenye shimo. Maonyesho yalikuwa katika nyumba moja ya zamani, yenye kuta nene na vyumba vya baridi. Tuliiweka meza katikati ya chumba cha chini, watu waweze kuizunguka, kisha nikarudi kazini maana kulikuwa na mtu anangojea meno ya harusi.

Alasiri nikarudi. Kina mama hawakuwa kwenye mawe. Walikuwa wamebanduliwa, wote, na kugandishwa juu ya platfomu kwa mstari mmoja.

Nataka mwelewe nilichokiona. Wale niliwachonga wamenyanyua teo juu kabisa kwa sababu dirisha lilikuwa juu na wao wako chini, kwenye mteremko wa tuta. Ukimpandisha mtu huyo juu ya platfomu, dirisha linakuwa usawa wa uso wake, na mikono ile haina kazi tena. Walisimama pale mikono hewani kama kikundi cha ngoma kilichokusanywa kumpokea waziri. Bibi mmoja wa kamati alikuwa akiwapiga picha kwa simu.

"Wamependeza hivi," akaniambia. "Ni kama wanatukaribisha."

Sikumjibu, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri na jibu nililokuwa nalo halikutokana na malezi yale. Nilitoa kijisu changu cha nta mkobani nikaanza kuwabandua mmoja mmoja. Mmoja alivunjika, nyayo zikabaki kwenye platfomu na mwili ukaja mkononi mwangu. Hapo nilipiga kelele, na mzee akaja mbio kutoka chumba cha pili.

"Hasira hasara, mwanangu."

"Hasara nishaipata, mzee. Iliyobaki ni hasira."

Watu wakakusanyika. Akanivuta kando, akasema kwa sauti ya chini kwamba wajukuu wa baba yake watakuja, jamaa watatoka mpaka Nairobi, watataka kuona mahali mzee wao alipofanya kazi kwa heshima, na mimi nataka waone nini? Kwamba alikuwa dhalimu? Nikamwambia sikuandika popote kwamba alikuwa dhalimu. Nimemsimamisha kwenye platfomu yake, amevaa nguo nyeupe, kofia imekaa sawa. Nimeweka kila mtu pale alipokuwa, basi. Ikiwa ukiweka watu pale walipokuwa mtu anaonekana mbaya, ugomvi huo asiulete kwangu.

Akavua miwani akaipangusa.

"Haya," akasema. "Wawe maweni. Sitawagusa tena."

Niliketi pale mpaka giza likaanza kuingia, nikarudisha kina mama wote mahali pao na kumfanyia aliyevunjika nyayo mpya. Mzee alitimiza neno lake. Hakuwagusa tena.

Asubuhi ya ufunguzi nilikwenda Makupa kumpokea mama. Alikuwa amevaa leso mpya, doti nzima, na kitambaa cha kichwa alichokipiga pasi mpaka kikang'aa. Njia nzima aliniuliza kama watu watakuwa wengi na kama kutakuwa na mahali pa kukaa. Nikamwambia mama, utaona, wewe uko wa kwanza.

Tukaingia. Chumba kilikuwa kimejaa, na katikati hapakuwa na meza.

Meza ilikuwa imegeuzwa na kusukumwa ukutani. Platfomu ilitazama watu. Jengo na kengele na stesheni masta vilikuwa mbele kabisa, vimewashiwa taa. Nyuma yake gari likienda na kurudi. Na nyuma ya gari, wakitazama chokaa, kina mama. Hakuna aliyekuwa amewagusa. Walikuwa pale pale kwenye mawe yao, kama tulivyoahidiana. Akufukuzaye hakwambii toka. Palibaki mwanya kati ya meza na ukuta, kwa ajili ya waya wa umeme tu, na mtu akitaka kuwaona angelazimika kuwa mjusi.

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo, na mimi si mgeni wa kukasirika. Nilitaka kuibinua meza. Nililiona tayari, plasta ikivunjika sakafuni na udongo wetu mwekundu juu ya viatu vyao vizuri. Mama alinishika mkono, labda kwa sababu ya umati, labda kwa sababu alinijua.

"Ndiyo hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Nzuri."

Akaitazama kwa utulivu. Alilitambua tangi. Aliitambua kengele, akacheka. Alipita polepole kutoka mwanzo wa platfomu mpaka mwisho, macho yakitafuta, akarudi tena mpaka mwanzo.

"Sisi tuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa pongezi zake na machozi yake na hata kwa makosa ambayo angeyaona, lakini swali hilo sikulitarajia.

"Nyuma, mama," nikasema.

Aliuachia mkono wangu. Akaenda mpaka pembe ya meza, akaibana leso yake kiunoni, akajitia ubavu kwenye ule mwanya na kuanza kupenya. Mwanamke wa umri wake. Nikasema mama, mama, lakini alikuwa ameshaingia, mgongo ukutani, akisogea hatua ya kaa. Kichwa chake kikatokea juu ya mabati ya stesheni, kitambaa kimepinda, akasimama pale na kuinamisha macho kutazama chini.

Mzee akatoka mbio kutoka mlangoni alikokuwa akipokea wageni.

"Mama, mama yangu, karibu huku mbele, uone vizuri! Huko hakuna kitu!"

"Tuko sisi," mama akasema.

Mama hakuwa amekasirika. Yeye hasira alimwachia mwanawe. Alimwamkia mzee kwa adabu, akamwuliza hali, akamwuliza watoto, mzee akajibu kila salamu kwa heshima huku akishika ukingo wa meza. Kisha mama akamwuliza:

"Ndiwe mwana wa stesheni masta?"

"Ndimi, mama."

"Yu hai?"

"Alishatangulia, zamani."

"Mungu amrehemu. Alikuwa mkali."

"Alikuwa akifuata sheria, mama. Ilikuwa sheria."

"Najua, baba. Sheria ilikuwa tusipande. Haikusema tusionekane." Akanyoosha kitambaa chake. "Baba yako alitufukuza. Lakini kufukuza mtu ni sharti umwone kwanza. Huku ulikotuweka wewe, nani atatufukuza?"

Natamani ningeweza kusema kwamba niliridhika. Sikuridhika. Nilikuwa bado nataka kuvunja kitu, na nilikuwa na maneno yangu, makali zaidi ya yale, nimeyapanga tangu alfajiri. Lakini hayakuwa na kazi tena. Bibi wa kamati alianza kusema kwamba ratiba ya ufunguzi, na wageni wa heshima, na mzee akamwinulia kiganja bila kumtazama.

"Ishikeni," akasema.

Walinzi wawili wa nyumba wakashika upande mmoja, mimi nikashika pembe, na yeye, pamoja na moyo wake mbovu ambao mkewe hutusihi sote tuukumbuke, akashika pembe ya nne. Plasta ni nzito. Meza ilikwaruza sakafu ikatoa mlio wa kutia ganzi meno, ikaja mpaka katikati ya chumba. Nguzo moja ya platfomu ilianguka, na hakuna aliyeiinua. Mama akasimama pale alipokuwa, sasa akiwa na nafasi mbele na nyuma, mgongo wa leso mpya mweupe kwa chokaa. Nikaenda kumpangusa akanipiga kofi la mkono, niache.

Watu walianza kupita upande wake. Kwanza watoto, kisha wazazi wao. Mama aliwaonyesha: huyu alikuwa akiuza maji, huyu mabuyu, huyu kuku, alikuwa akiwafunga miguu na kuwaning'iniza dirishani, na huyu wa mbele ni mimi. Alisema kwamba nimemfanya mwembamba mno. Akasema pia kwamba mikono ni yenyewe.

Mzee alikuja wa mwisho. Nilimwona akizunguka pembe ya meza kama mtu anayeingia nyumba asiyoalikwa, na sikumsaidia. Alisimama mbele ya mawe. Gari lilikuwa limesimama, mabehewa yote yamejipanga mbele ya macho yake, na ng'ambo hakuonekana mtu. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Akainama.

"Baba yuwapi kutoka huku?" akauliza. Hakumwuliza yeyote.

Mama akamgusa bega, akamwonyesha kwa kiganja: chini zaidi. Mzee akapiga goti moja, kwa shida, kisha la pili, mpaka shavu lake likakaribia kokoto, usawa wa kina mama. Aliangalia chini ya mabehewa, katikati ya magurudumu, mpaka platfomu ambayo haikuinuka zaidi ya tofali chache.

"Naona viatu tu," akasema. "Uso siuoni."

"Nasi hatukuuona," mama akamwambia. "Viatu vikishuka relini, twakimbia. Nani angengojea uso?"